Binti wa Nani?

John Howland alifia Plymouth, Massachusetts, tarehe 23 Februari 1672/3. Hilo si kosa la mpiga chapa. Hadi 1752, Uingereza na makoloni yake waliuanza mwaka mpya tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari ilikuwa bado mkia wa mwaka unaokwisha. Kwa Howland na majirani zake ule ulikuwa mwaka 1672. Kwa hesabu yetu ni 1673. Mtafiti wa nasaba anayeijua kazi yake huandika yote miwili, akaweka kimstari katikati. Asiyeijua atakuta wazazi wamefunga ndoa Mei 1650 na mtoto wao kazaliwa Februari 1650, aanze kumsema vibaya mama wa watu. Kumbe mtoto kaja miezi tisa baada ya harusi, kwa heshima zote.

Sina ukoo Marekani, na sijui hata mtu mmoja mwenye damu ya walowezi wa Plymouth. Lakini kazi za hawa watafiti wa nasaba huzisoma kama wengine wasomavyo hadithi za upelelezi, na kisa ninachokirudia mara nyingi ni hiki cha Howland na mkewe Elizabeth.

Howland alipanda meli ya Mayflower mwaka 1620 akiwa mtumishi wa John Carver, yule aliyekuja kuwa gavana wa kwanza wa koloni la Plymouth. Njiani dhoruba ikamtupa baharini. Akaidaka kamba ya tanga iliyokuwa ikiburuzwa majini, akang'ang'ania mpaka wakamvuta kwa upondo wenye kulabu. Vilembwe na vining'ina wake leo hawahesabiki, na miongoni mwao wamo Franklin Roosevelt, Bush baba na mwana, na mwigizaji Humphrey Bogart. Wote hao walining'inia kwenye kamba ile.

Katika ukoo ikawa inasimuliwa kwamba Elizabeth alikuwa binti wa Carver. Hadithi tamu, mtumishi kumwoa mtoto wa bwana wake. Karne ya 19 wazao wa Howland wakasimamisha jiwe huko Burial Hill, makaburi ya zamani ya Plymouth, na maneno hayo yakachongwa humo. Nani abishane na jiwe?

Kilichobishana nalo ni karatasi. Gavana William Bradford, aliyemrithi Carver, aliandika historia ya koloni kwa mkono wake mwenyewe. Muswada huo ulikuwapo Boston, ukatoweka wakati wa vita vya uhuru, na mwaka 1855 ukatambuliwa katika maktaba ya Askofu wa London, Fulham. Mwaka uliofuata ukachapwa. Kuna sehemu humo ambapo Bradford, miaka thelathini hivi baada ya kutia nanga, anawapitia abiria wa Mayflower kaya kwa kaya: nani kafa, nani kaoa, nani kazaa wangapi. Akifika kwa Howland anasema kamwoa Elizabeth, binti wa John Tilley, na wana watoto kumi.

Mtu wa pupa angefuta Carver, akaandika Tilley, akaenda zake. Mtafiti makini kwanza humhoji shahidi. Huyu alikuwapo? Alijuaje? Anapata faida gani? Bradford alisafiri nao meli moja na akaishi nao mji mdogo mmoja. Jiwe lilichongwa na watu waliozaliwa karne nyingine. Kisha hutafuta mahali pa kumpima shahidi huyo kwa jambo jingine, na hapo ndipo unapofunguliwa wosia wa Howland, wa tarehe 29 Mei 1672. Unataja wana wa kiume wanne: John, Jabez, Joseph na Isaac. Unataja mabinti sita: Desire Gorham, Hope Chipman, Elizabeth Dickinson, Lydia Brown, Hannah Bosworth na Ruth Cushman. Kumi kamili, kama Bradford alivyohesabu.

Waangalie wale mabinti. Kila mmoja kaandikwa kwa jina la mumewe. Katika nyaraka za wakati ule mwanamke alikuwa akipotea siku ya harusi yake. Jina la baba linakatika, na usipopata mahali panapounganisha la zamani na jipya, umempoteza yeye na uzao wake wote. Mzee mmoja kukumbuka kuwataja mabinti zake wote sita katika wosia ni bahati ambayo watafiti wengine huitafuta maisha mazima wasiipate.

Lakini huo wosia hautaji baba yake Elizabeth, na mtafiti hausingizii kuwa unamtaja. Unaongeza uzito kwa Bradford, basi. Nami naona hata masimulizi ya ukoo hayakuwa uzushi mtupu. John Tilley na mkewe walikufa majira ya baridi ya kwanza, pamoja na karibu nusu ya abiria, wakamwacha binti wa miaka kumi na mitatu hivi. Huenda yatima huyo alichukuliwa nyumbani kwa Carver, na vizazi vilivyofuata vikamfanya mlezi kuwa mzazi.

Likabaki swali gumu zaidi: Tilley wa wapi? Uingereza ilikuwa na akina John Tilley wengi. Jina kulikuta katika daftari la ubatizo si ushahidi, kama vile kumkuta Juma Hamisi katika daftari la shule si ushahidi kwamba ndiye Juma Hamisi wako. Jibu lilikuja mwaka 1976, miaka zaidi ya 350 tangu meli ing'oe nanga, katika makala ya Robert Leigh Ward kwenye jarida la The American Genealogist. Siri ilikuwa kumtafuta Tilley pamoja na watu wake. Katika meli alikuwamo pia nduguye Edward, na mkewe, na watoto wawili waliofuatana nao, Henry Samson na Humility Cooper. Bradford anawaita watoto hao kwa neno ambalo siku hizi tungelifasiri binamu.

Katika kijiji cha Henlow, jimbo la Bedfordshire, majina yakakutana: Tilley, Cooper na Samson katika parokia moja. Mama yake Henry na mke wa Edward walikuwa ndugu, wote akina Cooper. Baba yake Humility alikuwa kaka yao. Na humo humo akaonekana Elizabeth, kabatizwa tarehe 30 Agosti 1607.

Msomaji wa Kiswahili keshaona kichekesho. Hao si binamu hata kidogo! Kwetu Henry angemwita mke wa Edward mama mdogo au mama mkubwa, na Humility angemwita shangazi. Kiingereza cha wakati ule kiliwatia wote kapu moja, na anayesoma wosia wa karne ya 17 kwa masikio ya leo huupinda ukoo wote. Neno lao la mama mkwe huweza kuwa mama wa kambo. Wanaume wawili wa mji mmoja wakiitwa John mkubwa na John mdogo, si lazima wawe baba na mwana. Wanaweza wasiwe hata ndugu. Hata miezi ina mitego: mwezi wa nane katika hati zile ni Oktoba, kwa sababu walihesabu kuanzia Machi. Yote hayo yameandikwa kwa mwandiko ambao herufi e imejigeuza mgongo na h imening'inia chini ya mstari.

Panapotakiwa majina, matapeli hawakosekani. Gustave Anjou, aliyefariki 1942, aliwauzia matajiri wa Marekani nasaba za kughushi, na mpaka leo kuna wanaozinakili. Dawa yao ilikuwa watu kama Donald Lines Jacobus wa New Haven, mwanzilishi wa jarida lile lile lililochapisha habari za Henlow: rudi kwenye hati yenyewe, acha nakala ya nakala. Robert Charles Anderson aliianza kazi yake Boston mwaka 1988, kuwapitia mmoja mmoja walowezi waliofika New England katika miaka ya mwanzo, ambao hadi 1640 walifika elfu ishirini hivi. Kurasa zake ni kavu kama dagaa, nami nazipenda kwa ukavu huo. Akikuta undugu uliosimuliwa miaka mia lakini hauna hati, anausema hivyo hivyo, bila kuomba radhi.

Burial Hill baadaye likawekwa jiwe jingine, nalo linamtaja John Tilley.

Sio kila mlowezi alikuwa na Henlow yake. Katika hesabu ya watu ya Virginia ya mwaka 1625 yumo Antonio, Mwafrika, aliyefika 1621 kwa meli iitwayo James. Hana jina la ukoo, hana umri, hana kijiji. Watafiti wengi wanaamini ndiye Anthony Johnson, ambaye mwaka 1651 alipewa ekari 250 katika kaunti ya Northampton, kisha akahamia Maryland na familia yake. Wamemfuata kupitia kesi, kodi na mikataba ya ardhi, maana kanisa halikumwandika. Mwaka 1677 mjukuu wake John alinunua shamba dogo la ekari 44, akalipa jina: Angola. Mtafiti mzuri hulinakili jina hilo kama lilivyo, huandika ekari na mwaka, na palipo na nafasi ya baba yake Antonio hupaacha wazi.