Kiingilio na Hadhira ya Tamthilia

Kupanda kwa kiingilio cha michezo ya kuigiza huzungumzwa kama jambo la biashara, ilhali ni suala la uhakiki pia: bei humchagua mtazamaji, naye mtazamaji huuathiri mchezo. Mkaazi wa Malili, yapata kilomita 60 kutoka Nairobi, hulipa mara mbili, kwanza nauli, kisha tikiti. Kila bei ipandapo, yeye ndiye wa kwanza kuachwa nje. Hali huko kwao Ukambani ngoma ya kilumi huchezwa uwanjani, mbele ya jamii, pasipo mlango wa kulipia.

Kamirithu, Limuru, ilionyesha faida ya uwanja huo katika tamthilia. Mwaka 1977 wanakijiji walijijengea jukwaa, na mazoezi ya Ngaahika Ndeenda yakafanywa hadharani. Watazamaji wakasahihisha lugha na mienendo ya wahusika. Mchezo ulipigwa marufuku Novemba mwaka uo huo, lakini funzo lilibaki.

Ni kweli kwamba waigizaji nao hula, na ukumbi hukodiwa kwa fedha. Walakini tamthilia itazamwayo na wenye nacho peke yao huishia kuwasemea wao. Mkulima atabaki mhusika jukwaani, asiwe hadhira, wala asiwepo wa kumsahihisha mwandishi anapokosea.