JICHO HALIBONYEZI: UHAKIKI WA ISTILAHI ZA KIBODI YA MACHO

Kwa miongo kadhaa sasa kumekuwako chombo kinachomwezesha mtu asiyeweza kutamka wala kutumia mikono yake kuandika kwa macho. Kamera ndogo iliyowekwa chini ya kioo cha kompyuta hupima mahali mboni zinapoelekea. Herufi inayotazamwa kwa muda uliopangwa huandikwa, na mashine huyasoma kwa sauti maneno yaliyoandikwa. Mwaka 2017 Microsoft iliuingiza uwezo huo katika Windows 10, na mwaka 2024 Apple ikauingiza katika baadhi ya simu zake kwa kutumia kamera ya mbele tu. Hivyo chombo kilichokuwa cha hospitali za ng'ambo sasa kimo, walau kwa umbo lake dhaifu, ndani ya simu za bei kubwa zinazouzwa na kutengenezwa Kariakoo. Jina la Kiswahili linalokifaa bado hakina.

Maneno matatu yamekuwa yakishindana kwa ajili ya kibodi ya kawaida: kibodi, kicharazio na baobonye. Haya mawili ya mwisho yalipokewa kwa furaha na wapenzi wa lugha kwa kuwa yametokana na mizizi yetu wenyewe. Lakini tuyatazame vizuri. Kucharaza ni kazi ya vidole, kama mtu anavyocharaza gitaa (kuna na kucharaza bakora, ila hilo tuliache). Baobonye nalo limejengwa juu ya kubonyeza. Yote mawili yanautaja mkono, na mkono ndio hasa kitu ambacho mtumiaji wa chombo hiki hana uwezo nao. Neno la mkopo, kibodi, halitaji kiungo chochote cha mwili. Kwa sababu hiyo tunadiriki kusema, katika jarida ambalo kwa desturi hulipa neno la asili nafasi ya kwanza, kwamba hapa mgeni anafaa kuliko mwenyeji: na liwe kibodi ya macho. Wapo wasemao vibodi, kwa mfano wa vitabu; hilo tuwaachie watumiaji.

Pengine msomaji atatujibu kwamba huu ni ushupavu, kwani hata kalamu asili yake ni unyasi na leo hakuna anayejali. Jibu hilo lingetosha kama hoja ingekuwa jina la chombo peke yake. Hoja imo katika maelezo ya matumizi. Mfasiri aliyezoea kuandika "bonyeza hapa" hulirudia tamko hilo hata pale ambapo hakuna kinachobonyezwa, na kwa kufanya hivyo huficha ugumu mkubwa wa chombo chenyewe. Ugumu huo ni kwamba jicho lina kazi mbili: kuangalia na kuamuru. Kidole kikiwa juu ya meza hakiamuru kitu, lakini jicho lililo wazi haliachi kutazama. Kila linachokipitia kikihesabiwa kuwa kimechaguliwa, mtu atajaza ukurasa kwa herufi asizozikusudia. Wataalamu wa Kimagharibi humkumbuka hapa Midas, mfalme wa ngano za Kiyunani ambaye kila alichokigusa kiligeuka dhahabu, hata chakula chake.

Kwa hiyo tunahitaji maneno yanayotenga vitendo hivi, na Kiswahili hakina upungufu hata kidogo. Tunatupa jicho, tunakaza macho, tunakodoa, tunaangaza, tunapepesa, tunakonyeza. Muda ambao jicho hulazimika kukaa juu ya herufi kabla haijaandikwa tungependa uitwe tuo la jicho, kwani jicho hutua kama ndege atuavyo tawini, na washairi wetu wamekwisha kulizoea neno tuo kwa maana ya kituo katika usomaji. Mtumiaji aliyechoka ataongeza urefu wa tuo, aliyezoea ataupunguza. Vilevile kupepesa na kukonyeza visichanganywe. Kupepesa hutokea bila kukusudia, mara nyingi kwa dakika. Kukonyeza ni ishara yenye nia, na hata mtoto anaijua tofauti hiyo. Mashine inayopokea amri kwa ukope basi inakonyezwa. Ikisikiliza kila pepeso, imeharibika.

Tunapotafuta maneno ya namna hii ingefaa kamati zetu zishuke hadi Mtaa wa Aggrey, zikaketi na mafundi simu. Vitabu vimehangaika kati ya skrini na kiwambo, na fundi amekwisha kuamua: ni kioo, na kikipasuka hubadilishwa. Simu ya kuguswa ameiita simu ya kupangusa, na ile ndogo yenye kurunzi ni kitochi. Maneno haya hayakupitishwa na kikao chochote, lakini yanaeleweka Tandika na Tandahimba. Eneo lenyewe lilipata jina kwa njia hiyohiyo: wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita Vikuu vya Kwanza waliitwa Carrier Corps, na masikio ya watu wa mji yakafanya kazi yake.

Tukiacha majina, upo mpangilio wa kibodi yenyewe, na hapa lawama yetu ni nzito zaidi. Vibonye vya kutazamwa havina budi kuwa vikubwa, kwa kuwa jicho hutetemeka. Nafasi ni chache na kila moja ina thamani. Hata hivyo kibodi inayotolewa kwa Mswahili humtengea nafasi q na x, herufi ambazo Kiswahili sanifu hakizitumii, pamoja na c isiyotembea bila h. Wakati huohuo ng' inamgharimu matuo matatu. Mhariri Mfaransa Jean-Dominique Bauby, aliyepooza mwili mzima kwa kiharusi mwaka 1995, alitunga kitabu kilichotoka mwaka 1997 kwa kufumba jicho lake moja huku msaidizi akimsomea herufi, na herufi zile zilipangwa kwa kadiri zinavyotumika katika Kifaransa, kuanzia E, S, A. Orodha ya Kiswahili ingeanza na a, na i isingekuwa mbali.

Kisha mashine hukisia neno ili kupunguza kazi. Kwa Kiingereza hukisia neno zima, na inafaa. Kwa Kiswahili haifai. Chukua kitenzi ambia: nafsi sita, alama nne za wakati (li, na, ta, me), na watendwa watano waliobaki, na tumekwisha kupata maumbo 120 kabla ya kugusa ukanushi, urejeshi wala kauli nyingine za kitenzi. Orodha ipi itayabeba? Inayofaa ni kibodi inayokisia kiambishi baada ya kiambishi. Anakupenda ni herufi kumi. Kwa viambishi ni matuo manne: a, na, ku, penda. Kwa mtu ambaye kila tuo linamla sekunde nzima, hiyo ndiyo tofauti ya kujibu na kupitwa na mazungumzo. Wala si ndoto: mwaka 2002 Ward na MacKay wa Cambridge walieleza katika jarida la Nature mfumo wa Dasher, ambao huipa nafasi kubwa zaidi herufi inayotarajiwa kufuata kwa kujifunza kutokana na matini. Ukilishwa matini ya Kiswahili utajifunza Kiswahili.

Sentensi zilizo tayari nazo zinasikitisha zikifasiriwa kutoka Kiingereza. Salamu inakuwa "Jambo", na haja inakuwa "Nataka maji". Kijana atamwelekeaje bibi yake bila kibonye cha "Shikamoo"? Na mzee aliyepooza, asipokuwa na "Marahaba", atawajibu nini wajukuu? Vibonye hivi viwili vikae pamoja, kwa sababu mtu yuleyule huvihitaji vyote ndani ya saa moja. "Naomba maji" iwe juu ya "nataka". Na kwa atakayepelekwa sokoni, kiwepo kibonye cha "Ngoja kidogo, naandika", maana muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo hana subira, na bei humalizika mteja angali anatafuta herufi ya pili.

Limebaki jina la mtumiaji. Sheria ya mwaka 2010 inawataja watu wenye ulemavu, lakini neno la mtaani bado ni bubu, linalomtia kapu moja asiyesikia, asiyetamka na asiyejua kusema. Tunapendekeza asiyeweza kutamka. Kutamka ni kazi ya kinywa, na kusema ni kazi ya lugha, ambayo huyu anayo. Ndiyo maana kibonye kinachoitoa sauti kiandikwe "Tamka" badala ya "Sema".

Hatari zaidi ni mtindio wa ubongo. Neno hili hutumiwa kwa hali ambayo ubongo hushindwa kuongoza misuli ya viungo na ya usemi, akili ikiweza kuwa nzima kabisa. Na hutumiwa pia kwa ulemavu wa akili. Mtoto mwenye hali ile ya kwanza akiandikiwa neno hili katika karatasi ya shule, mwalimu husoma maana ya pili, na hakuna atakayefikiri kumwekea kibodi mbele ya macho. Kamati ya istilahi itakapokaa na waganga na walimu, tunaomba neno hili litangulie mengine yote tuliyoyataja.