Singe Hewani: Jinsi Askari wa Dar es Salaam Alivyosimamishwa

Bunduki ya Askari, sanamu ya bronzi ya Dar es Salaam, imenyooshwa mbele, na singe yake imeelekea bandarini. Ukimtazama kutoka ubavuni, pale Barabara ya Samora inapokutana na ile ya Maktaba, utaona kwamba singe hiyo iko hewani tupu: hakuna nguzo chini yake wala jiwe la kuiegemeza. Watu hupiga picha uso wake, wakaenda zao. Mimi nawashauri waanze na singe, maana ndiyo inayoeleza sanamu nzima ilivyofanywa.

Fundi wa mbao wa kwetu Katanga, Kongo, upande wa Mulongo na Malemba-Nkulu, asingeijaribu. Mchongaji wa Kiluba hufanya kazi kwa gogo moja na tezo, na hapachiki kiungo kilichochongwa pembeni. Nyuzi za mti zinakwenda wima. Mkono ukichongwa umenyooka mbele, unakata nyuzi hizo, na siku sanamu itakapoangushwa utakatika begani. Kwa hiyo katika viti vya wafalme wa Kiluba, vile vinavyobebwa na sanamu ya mwanamke, mikono inapanda juu kufuata mti, na viwiko havitoki nje ya duara la gogo. Katika sanamu nyingine mwanamke amelaza viganja kifuani. Kwa wenye mila, huko ni kuzilinda siri za ufalme. Kwa fundi, ni njia ya kuunusuru mkono. Sababu hizo mbili hazigombani, na ndiyo maana kazi hizo zimefika zama zetu zikiwa nzima.

Bronzi haina nyuzi. Mwingereza James Alexander Stevenson, aliyezoea kutia sahihi ya Myrander kwenye kazi zake, aliweza kumwinamisha askari wake mbele, akamtanua miguu, akamwachia bunduki itangulie mwili. Utaratibu wa kazi za namna hii unajulikana. Kwanza huundwa mifupa ya chuma, ikavikwa udongo wa mfinyanzi hadi umbo likamilike. Umbo hilo hunakiliwa kwa plasta, plasta ikazaa kalibu, na ndani ya kalibu humiminwa madini yaliyoyeyuka kwenye joto linalopita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Sanamu kubwa haimiminwi kwa mkupuo mmoja: hutoka vipande vipande, vikaungwa, maungio yakasuguliwa yasionekane, kisha rangi ya kahawia au kijani ikapatikana kwa moto na tindikali. Kinachobaki ni ganda. Ndani ni patupu, na ndiyo sababu mkono ulionyooshwa haulemewi na uzito wake wenyewe. Askari huyu alimiminwa Uingereza na kuonyeshwa kwanza Royal Academy, London, kabla ya kupakiwa melini. Alizinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927.

Niseme jambo kidogo hapa kama mtu wa Katanga. Bronzi ni shaba nyekundu iliyochanganywa na bati. Shaba ni ya kwetu, na bati lilichimbwa Manono, si mbali na Mulongo. Tena watu wa bonde la Upemba walikuwa wakizikwa na misalaba midogo ya shaba karne nyingi kabla Mzungu hajafika. Wanaakiolojia waliikuta makaburini Sanga, kando ya Ziwa Kisale. Kuyeyusha na kumimina hakukuwa siri ya Ulaya.

Tuje kwenye mpangilio, ambako ndiko siasa ilikojificha. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa na sanamu yao Dar es Salaam: Hermann von Wissmann, gavana na mwanajeshi. Wissmann alisimamishwa juu, macho yakitazama mbali. Chini ya miguu yake palikuwa na askari Mwafrika aliyeinua uso kumtazama bwana wake, huku akimfunika simba aliyekufa kwa bendera ya Ujerumani. Angalia ufundi wake: jicho la mpita njia linamkuta kwanza yule wa chini, ambaye yuko karibu, halafu linafuata macho yake hadi juu. Askari amefanywa mshale wa kuonyesha bwana alipo. Ni kazi ya werevu, na ni ya matusi.

Waingereza walipoutwaa mji waliiondoa sanamu hiyo. Ilipelekwa Hamburg, ikasimamishwa mbele ya chuo kikuu mwaka 1922, na wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968. Dar es Salaam nayo ikapata Askari aliyepanda hadi nafasi ya bwana. Hakuna mtu juu yake, na macho yake yanafuata singe. Ukilinganisha na Wissmann, hayo ni mageuzi makubwa. Lakini jiwe la msingi bado ni refu, na mpita njia bado anatazama juu. Aliyebadilika ni mtu, kipimo kimebaki kilekile.

Na kuna aliyeachwa. Maandishi ya kwenye msingi wa Askari, ambayo Kiswahili chake kimeandikwa kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu, na Kiingereza chake kilitungwa na Rudyard Kipling, yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni maneno ya haki. Ila ukiinua macho kumtafuta mpagazi pale juu, humwoni. Yuko askari peke yake.

Sisi wa Lualaba tuna sababu ya kumuulizia. Mwaka 1915, katikati ya vita hiyo, Waingereza walitaka kupeleka boti mbili za kivita, zilizoitwa Mimi na Toutou, hadi Ziwa Tanganyika. Zilishushwa kwenye reli Fungurume, zikavutwa kwa matrekta ya mvuke, ng'ombe na mamia ya watu kuvuka milima ya Mitumba, kupitia njia iliyofyekwa na madaraja yaliyojengwa kwa mikono. Kutoka Bukama zikateremka Lualaba hadi Kabalo, mto uleule unaopita Mulongo, kisha zikapakiwa tena kwenye reli kwenda ziwani. Tarehe 9 Februari 1916 boti ya Mimi ilishiriki kuizamisha meli ya Wajerumani iliyoitwa Hedwig von Wissmann, kwa jina la mke wa bwana yuleyule wa sanamu ya Dar es Salaam. Makamanda wameandikiwa vitabu. Waliovuta kamba Mitumba hawana hata kidole cha bronzi.

Stevenson mwenyewe alijua kwamba jambo hili lina ufumbuzi mwingine, kwa sababu alipewa kazi ya miji mitatu. Mombasa alisimamisha watu wanne. Nairobi, katika barabara inayoitwa leo Kenyatta Avenue, alisimamisha watatu mwaka 1928: askari wa King's African Rifles, mpiganaji wa kikosi cha Waarabu, na mpagazi. Hapo mpagazi yuko juu ya jiwe sawa na wenye bunduki. Lakini ufundi una gharama zake. Watu watatu juu ya msingi mmoja hawawezi kushambulia wote, wangegongana. Wametulia, wamesimama kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Mwendo wa Dar es Salaam umepotea Nairobi, na kwa maoni yangu hasara hiyo inalipika. Askari wa Dar ni sanamu bora. Kundi la Nairobi ni kumbukumbu ya kweli zaidi.

Anayetaka kuona jinsi kimo peke yake kinavyogeuza maana, avuke hadi Zanzibar. Mkunazini, kando ya Kanisa la Anglikana, palipokuwa na soko la watumwa, Clara Sörnäs wa Sweden alitengeneza mwaka 1998 watu watano wa zege. Hakuwapa msingi wa kupandia: aliwachimbia shimo. Wamesimama ndani yake, minyororo shingoni, na wewe uko ukingoni unawatazama chini, pale aliposimama mnunuzi. Zege ni kitu cha bei nafuu kuliko bronzi, halimeremeti wala halina mikunjo ya nguo ya kujivunia. Kazi yote imefanywa na shimo.

Kwetu Kongo, Goma ilichagua njia nyingine. Mwaka 2009 ilizinduliwa pale sanamu ya rangi ya dhahabu ya msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao inayobeba magunia ya viazi na makaa kutoka vijijini. Dhahabu ile sipendi, inang'aa kupita kiasi. Uchaguzi wa mtu wa kuwekwa pale, hata hivyo, siupingi hata kidogo: mbeba mzigo amepewa nafasi ambayo miji mingi huwatunzia marais.

Ukiwa na siku moja Dar es Salaam, njia yenyewe ni fupi na inatembeleka kwa miguu. Fika kwa Askari asubuhi na mapema, kabla magari hayajajaa kwenye kipilefti, uzunguke pande zote. Kutoka mgongoni utaona jinsi uzito ulivyotupwa kwenye mguu wa mbele. Fuata Barabara ya Samora hadi Mnara wa Saa, uliojengwa Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji mwaka 1961. Ingia Mtaa wa Uhuru, upite Mnazi Mmoja penye mnara wa Mwenge wa Uhuru, uendelee moja kwa moja hadi Kariakoo, ambako wapagazi wa kikosi cha Carrier Corps walipiga kambi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Utafika kwenye soko na makelele yake, na wachukuzi wa leo watakuomba uwapishe. Tembea kwa mpangilio huo, usiugeuze: kutoka kwa askari aliye juu hadi mahali mpagazi alipolala.

Neno langu la mwisho ni kwa wakuu wa Haut-Lomami na mafundi watakaoitwa siku moja kuweka sanamu Kamina, Malemba-Nkulu au Mulongo. Kabla ya kuchagua shujaa, amueni kimo. Msiagize jiwe refu kwa sababu tu miji mingine inalo. Mkiwakumbuka watu waliovuta boti na kubeba masanduku ya risasi, wawekeni usawa wa macho ya mpita njia, mzigo ukiwa begani, mikono imeshikana na mwili kama fundi wa Kiluba alivyojua kuishikanisha. Mti wa kuchongea upo, shaba ipo, na mafundi hawajaisha.