Aliyemwona Mgonjwa Kwanza

Watu wengi huisifia hospitali kwa madaktari wake na vipimo vyake. Mimi huanza na dirisha la mapokezi, maana hapo ndipo mgonjwa anapojua kama amefika kwa watu.

Asubuhi mabenchi yamejaa na foleni imefika mlangoni. Bibi anasogea dirishani, kadi ya bima kaifunga kwenye pindo la khanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Pole. Jina lako nani?"

Bibi anajitaja kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama Fulani, maana ndilo analoitwa mtaani miaka yote. Mhudumu hacheki wala haguni. "Na kwenye kadi umeandikwa nani, bibi?" Pindo linafunguliwa, majina matatu yanaandikwa herufi kwa herufi. Saidi ibaki Saidi, isigeuke Said. Herufi moja ikidondoka, faili la zamani halionekani, bima inaleta ubishi, na mgonjwa wa sukari analazimika kueleza upya dawa asizozikumbuka hata majina.

Huo ni umakini wa mkono. Wa jicho ni mgumu zaidi. Vidole vikiwa kwenye kompyuta, macho yanapita foleni nzima. Mwongozo wa WHO na UNICEF wa kuhudumia watoto wagonjwa wa miezi 2 hadi miaka 5 unataja dalili za hatari: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea, au hana fahamu. Mhudumu wa mapokezi hatibu. Lakini akizijua dalili hizo, akimwona mtoto amelegea mgongoni mwa mama yake, atanyanyuka amwite muuguzi, kisha awageukie waliobaki: "Jamani, tuvumiliane, hali ya mtoto huyu si nzuri." Watu wakielezwa sababu, hupisha. Wasipoelezwa, huona wamedhulumiwa, na hapo ndipo ugomvi huanza.

Kuna pia ujuzi wa sauti. "Unaumwa nini?" ni swali la kawaida, lakini likisikika hadi benchi la nyuma limemvua mtu nguo hadharani. Aliyebobea husogea karibu, huuliza kwa upole, "Unakwenda kliniki gani?" Kijana aliyefuata dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hupokelewa kadi yake sawasawa na aliyekuja kung'oa jino. Na jioni, mhudumu huyo akikutana naye sokoni, humsalimu kama jirani yeyote.

Tumezoea kudhani kazi hii inamtosha yeyote mwenye sura ya kupendeza na tabasamu. Ni ujuzi kamili, unaofundishika na unaostahili mshahara wake. Wenye hospitali wawasomeshe wahudumu hawa dalili za hatari na utunzaji wa siri, wawaite kwenye kikao cha asubuhi pamoja na wauguzi, na wawasikilize wanaposema, kwa kuwa wao ndio waliomwona mgonjwa kwanza.