Faida ya Kuwasomea Watoto Hadithi

Wako walimu wasemao kwamba hadithi za paa asemaye na nyoka mwenye vichwa saba ni upuzi, wala hazistahili saa ya darasa. Wako na wengine wazisomao, walakini hukata mwisho ukiwa mchungu, wakatia mafundisho yao mahali pake. Naona wa kwanza na wa pili wote wampunja mtoto.

Na tutazame hadithi ya Sultani Darai, ambayo Edward Steere, aliyekuwa Askofu baadaye, aliiandika Unguja na kuipiga chapa London mwaka 1870 katika kitabu chake Swahili Tales. Maskini achakuraye jaani amnunua paa kwa thumuni. Paa yule ampatia mke, binti Sultani, na nyumba ya nyoka aliyemwua. Kisha paa augua. Bwana wake aamuru apikiwe uji wa mtama, wala haendi kumtazama. Paa afa, atupwa kisimani. Na bwana aamka yuko jaani, achakura kama kwanza.

Hapo ndipo penye faida. Msimulizi hahubiri juu ya utovu wa shukrani. Atuonyesha uji ule. Mtoto hukasirika mwenyewe, na hukumu aliyoitoa moyoni mwake haisahau upesi kama ile aliyoandikiwa ubaoni.

Atakaye ushahidi wa Maandiko na asome 2 Samweli 12. Nathani hakuanza kwa kumkemea Daudi. Alimpa kwanza habari ya mwana-kondoo wa maskini, na Daudi akahukumu kabla hajajua ya kuwa ahukumiwaye ni yeye. Tena katika Waamuzi 9 Yothamu aliipa miti ulimi. Basi, paa asemaye hatamharibu mtoto.

Iko na faida ya lugha. Asikiaye hadithi ndefu hujifunza kuufuata mfululizo wa -ka- tangu mwanzo hata mwisho, jambo lisilopatikana katika sentensi fupi za kitabu cha kwanza.

Kasoro ya hadithi hii ni urefu: safari za paa zarudiwa mno, na wadogo huchoka. Dawa yake ni kuisoma kwa siku mbili, na kutua nyoka akiisha kufa. Lakini jaa la mwisho lisikatwe. Mwalimu akiisha kusoma, na aulize neno moja tu: paa alikosa nini? Kisha anyamaze, angoje.