Kuanzia Mlango wa Abiria

Gari likipotelewa na ufunguo wake wa pekee pale Muleba, mkoani Kagera, ushauri wa kwanza huwa wa kuvunja. Mmoja atasema kipigwe kioo kidogo cha pembeni, gharama yake si kubwa. Mwingine atasema kava la usukani litolewe, nyaya ziunganishwe, kisha fundi umeme aweke kitufe cha kubonyeza kwenye dashibodi. Na gari litawaka kweli. Barabara ya Bukoba na Muleba imezoea Hilux na Hiace zinazowashwa hivyo mwaka hadi mwaka, kufuli la usukani limeshavunjwa, mlango unafungwa kwa kamba ya mpira. Siwalaumu wenye nazo. Mgonjwa anayetakiwa kufikishwa hospitali ya Rubya au Ndolage hawezi kusubiri ufunguo. Lakini ninayetaka kumsifu ni yule anayefika baada ya washauri wote, mkoba wa tupa begani, na neno lake la kwanza ni swali: "Kuna aliyeingiza bisibisi humu?"

Akijibiwa hapana, uso wake hukunjuka. Akijibiwa ndiyo, huinama akachungulia tundu kwa tochi ya simu na kukaa kimya kwa muda, kwa sababu anajua kwamba alichokuja kukisoma huenda kimeshafutwa.

Mafundi wa funguo utawakuta Bukoba karibu na soko kuu, na Muleba mjini kando ya barabara kuu, chini ya mwavuli au kibaraza cha duka la mtu mwingine. Kuna meza, jiriwa iliyokazwa ukingoni, kufuli za kuuza, betri za saa, na ubao wenye misumari uliotundikwa funguo zisizo na meno. Wengi wana kimashine. Unaleta ufunguo wako, unabanwa upande mmoja, ufunguo mtupu unabanwa upande wa pili, gurudumu linakata huku likifuata umbo la ule wa kwanza, na kabla hujamaliza kuulizana habari za nyumbani umeshapewa wa pili. Kazi hiyo ni ya manufaa na ndiyo inayowapa chakula cha kila siku. Ila mashine haina la kufuata pale ambapo hakuna ufunguo wa kwanza. Hapo ndipo ufundi ninaousema unapoanza.

Ndani ya kitasa cha gari la zamani kuna kiini cha mviringo kinachozunguka ndani ya nyumba yake. Kiini hicho kimepangwa vibamba vyembamba vya shaba, kila kimoja kina tundu katikati na springi ndogo inayokisukuma nje. Pasipo ufunguo, vibamba vimechomoza na kuingia kwenye mifereji ya nyumba, kiini kimekwama. Ufunguo sahihi ukipita katika matundu yale, kila bonde lake hushusha au hupandisha kibamba chake mpaka vyote vilingane na uso wa kiini, na hapo kinazunguka. Bonde likiwa fupi, kibamba kitatokeza upande mmoja. Likizidi kina, kitatokeza upande wa pili. Tofauti kati ya kufunguka na kukwama ni unene wa karatasi chache. Wazo lenyewe ni la kale sana, Wamisri walikuwa na vitasa vya mbao vyenye vijiti vinavyonyanyuliwa kwa ufunguo maelfu ya miaka iliyopita. Linus Yale Mdogo wa Marekani, katika miaka ya 1860, ndiye aliyelipunguza hadi ufunguo mdogo bapa tunaoutia mfukoni.

Sasa, gari la zamani lina vitasa vingi vilivyotoka kiwandani vikiwa vya kipimo kimoja, lakini havizeeki pamoja. Kitasa cha dereva kimefunguliwa asubuhi na jioni. Swichi ya kuwashia imeteseka zaidi. Tangu Chrysler walipoanza mwaka 1949 kuuza magari yanayowashwa kwa kuzungusha ufunguo, badala ya kitufe au kanyagio, swichi imebebeshwa kazi mbili, ya kufunga na ya kupeleka umeme kwenye stata, na mzigo wa funguo za nyumba, za ghala na za duka la kahawa ukining'inia hapo hapo na kutikisika kila shimo la barabara. Kitasa cha abiria, kinyume chake, hakiguswi sana. Mama anafunguliwa kutoka ndani, mgeni anafunguliwa kutoka ndani. Miaka ishirini inapita na vibamba vyake bado vina kingo kali.

Ndiyo maana fundi mzuri hapiti upande wa dereva. Huzunguka gari, akaenda mlango wa abiria.

Nimemtazama fundi akifanya hivyo kwa Hilux moja kuukuu, upande wa Kamachumu, siku ya mawingu. Mlango ulishafunguliwa kwa waya kupitia kwenye raba ya kioo, bila mkwaruzo. Akavua kava la ndani la mlango, akachomoa kitasa cha abiria kizima, akakipangusa vumbi lile jekundu lisilokosa njia ya kuingia popote. Kwanza alitafuta namba. Baadhi ya Toyota za zamani zilipigwa namba ya ufunguo kwenye kitasa hicho cha abiria, na Land Rover za zamani zilipigwa namba inayoanzia na herufi FS kwenye uso wa swichi yenyewe. Mwenye jedwali la namba hizo anaweza kukata ufunguo bila hata kuliona gari. Huyu hakuwa na jedwali wala mashine ya kukata kwa namba, na kutu ilikuwa imekwisha kula tarakimu. Akachomoa kiini, akaingiza ufunguo usio na meno, akakiinua kwenye mwanga. Vibamba vilikuwa vimetokeza kama alivyotaka, kimoja zaidi, kingine kidogo. Akabana ufunguo kwenye jiriwa ya mkononi, akachukua tupa ya pembetatu.

Alipiga tupa mara mbili, akaangalia. Mara moja, akaangalia. Kijana anayejifunza kwake alikuwa ameshika kiini, naye akawa anaambiwa tu, "Nionyeshe," na kijana anainua. Shaba iliyoondolewa hairudi. Akizidisha bonde moja, ufunguo mzima umeharibika na anaanza upya na mwingine. Kwa hiyo mkono unaojua kazi unasimama kabla ya kufika. Kuacha kidogo, kujaribu, kisha kuondoa hicho kidogo: sijui shule inayofundisha subira kwa wazi kuliko hiyo.

Mlango wa abiria ukafunguka. Mwenye gari akafurahi, akadhani kazi imekwisha. Fundi akamwambia, "Mzee wangu, huyu ametueleza gari lilivyozaliwa. Bado hatujalisikia linavyosema leo." Akauingiza ufunguo ule kwenye swichi. Ukaingia, ukakataa kuzunguka.

Watu wengi wangeulazimisha. Yeye aliomba kibatari. Akaupitisha ufunguo juu ya moshi mpaka ukawa mweusi kotekote, akauingiza tena polepole, akaukaza kidogo kulia na kuutikisa kwa upole, kama mtu anayepima homa ya mtoto kwa mgongo wa kiganja. Akautoa. Juu ya masizi kulikuwa na alama mbili ndogo zinazong'aa, mahali ambapo vibamba vya swichi viligoma. Hapo akapiga tupa, mara moja kila mahali. Akapaka masizi tena. Alama ikabaki moja. Mzunguko huo wa moshi, kutikisa, kutazama na tupa hauna njia ya mkato. Alama inapotoweka, maana yake kibamba hicho kimeridhika, na unamfuata mwenzake. Swichi ilipozunguka haikutoa mlio. Taa ya betri ikawaka kwenye dashibodi, na mzee akacheka kwa sauti mpaka waliokuwa ng'ambo ya barabara wakageuka.

Ningependa watu waelewe kilichotokea pale. Ufunguo uliokatwa kwa namba ya kiwanda ni kumbukumbu sahihi ya kitasa siku kilipotoka Japani. Katika gari lisilochakaa, hakuna ulio bora kuliko huo. Lakini swichi iliyotembea miaka thelathini kwenye vumbi la kiangazi na unyevu wa ziwa imekwisha kuwa kitu kingine. Vibamba vimelika, kiini kimelegea ndani ya nyumba yake. Ufunguo wa kunakili kutoka ufunguo uliolika, nao, hurithi ulegevu wa mzazi wake na kuongeza wa kwake. Fundi huyu alipita katikati. Alianza na kipimo cha asili kwenye mlango wa abiria, kisha akakisogeza, unywele kwa unywele, mpaka kikakubaliana na swichi iliyochoka bila kukikosea kitasa kisichochoka. Hicho ni kipimo ambacho hakijawahi kuwepo kiwandani popote. Kilitengenezwa Kamachumu, kwa gari lile, na hakifai kwa lingine.

Nikiwa Kagera siwezi kutazama tupa ikifanya kazi bila kuwakumbuka wafua chuma wa Kihaya. Mwaka 1976 wazee waliokuwa wakiijua kazi hiyo walijenga upya tanuru mbele ya mwanaakiolojia Peter Schmidt, wakati uyeyushaji wenyewe ulikuwa umeshalala kwa miongo mingi, chuma cha bei nafuu kutoka nje kikiwa kimekwisha kuwanyang'anya wateja. Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha matokeo mwaka 1978 katika jarida la Science: katika pwani hii ya magharibi ya Ziwa Victoria watu walikuwa wakitengeneza chuma cha pua kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Kwa maelezo yao, siri mojawapo ilikuwa mabomba ya udongo yaliyoingizwa ndani kabisa ya tanuru, hata hewa ya mivukuto ikapata moto kabla ya kuyafikia makaa, na joto likapanda kupita nyuzi 1,800 za Selsiasi. Wafua chuma wale hawakuwa na kipimajoto. Walikuwa na macho, masikio, na kumbukumbu ya mikono. Nasema hivi bila kudai kwamba mchonga funguo wa leo amerithi kazi kutoka kwao; wengi wamejifunza barabarani, kwa fundi aliyejifunza barabarani. Ninachokiona kinafanana ni namna ya kujua: kipimo kinachokaa ndani ya mtu. Na hatari ni ile ile. Wazee wale wasingeulizwa mwaka 1976, ujuzi huo ungeondoka nao.

Kuna upande mwingine wa kazi hii usioonekana kwenye jiriwa. Anayeweza kutengeneza ufunguo wa gari lako anaweza kutengeneza ufunguo wa gari la jirani. Kabla ya kugusa chochote, fundi wa Kamachumu aliomba kadi ya gari, akaisoma, akalinganisha namba ya chesesi, ingawa gari lenyewe, lenye usajili wa zamani wa namba A, lilikuwa linajulikana kijiji kizima na mwenyewe alikuwa amesimama pale. Mzee hakuona vibaya. Nadhani aliheshimika. Wapo wasiouliza, na wanaharibu jina la wote. Mimi namwona fundi asiyeuliza kadi kuwa hajaijua kazi, hata awe na mkono mwepesi namna gani.

Magari mapya yana habari nyingine. Nchi za Umoja wa Ulaya zililazimisha magari mapya ya abiria yawe na kizuizi cha umeme kuanzia Oktoba 1998, na viwanda vya Japani vilishafuata njia hiyo hiyo: ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu isiyohitaji betri, koili inayozunguka swichi huiamsha, kompyuta ya gari husikiliza namba yake, na ikiikataa injini haiendelei kuwaka hata meno yakiwa sahihi kabisa. Hapo tupa peke yake haitoshi, inahitajika mashine ya kuprogramu na mtu anayeijua. Sina chuki na chipu. Imewaokolea wengi magari yao. Lakini gari namba A na B bado zinabeba ndizi na kahawa huku, na zitaendelea kubeba kwa muda mrefu. Ningefurahi kuona vyuo vya VETA, ambavyo vinafundisha kijana kushika tupa na jiriwa, vinamweka pia mbele ya kitasa cha gari kilichochakaa na kibatari pembeni, na fundi wa barabarani akialikwa kama mwalimu na kulipwa kama mwalimu.

Pale Kamachumu kazi haikuisha swichi ilipowaka. Fundi alijaribu ufunguo mlango wa dereva, akapunguza unywele mmoja. Akajaribu kabati la dashibodi. Akasugua kingo zote kwa tupa laini ili zisimkate mzee kidole wala zisile vibamba, kisha akaparua penseli kwa wembe na kupuliza unga wake kwenye kila tundu. "Usitie oili ya injini, mzee," alisema, "inakamata vumbi, utaniita tena." Mzee alikuwa ameshatoa pesa mfukoni. Fundi hakuzipokea bado. Alimpa kijana wake ufunguo ule na shilingi za nauli, apande gari hadi Muleba kwenye mashine, akakate wa pili leo hii, na arudi nao kabla ya giza ili ujaribiwe kwenye milango yote, akianzia ule wa abiria.