Mgaagaa na Upwa: Riziki ya Mwandishi wa Kujitegemea kutoka Mvita hadi Likoni

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuuliza maswali mengi kumhusu mwandishi: itikadi yake ni ipi, anasimama upande wa tabaka gani, ameathiriwa na nani, ni mwanamapokeo au mwanamabadiliko. Liko swali moja ambalo huulizwa kwa nadra, labda kwa kuwa linaonekana kuwa la jikoni kuliko la darasani: mwandishi huyo alipokuwa akiandika, alikuwa akila nini, na ni nani aliyekilipia chakula hicho? Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo ni la kihakiki hasa. Namna mwandishi anavyopata riziki huingia ndani ya kazi yake, ikaamua urefu wake, utanzu wake, hadhira yake, na hata yale ambayo kazi hiyo haithubutu kuyauliza.

Waswahili husema kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Methali hii hutajwa mara kwa mara ili kumtia moyo mtu asiye na ajira, naye mwandishi chipukizi huambiwa hivyo hivyo na jamaa zake. Lakini ikichunguzwa vizuri, methali haikuahidi wali. Inachukulia kwamba wali umekwisha kupikwa nyumbani, na kwamba anachokwenda kukitafuta mgaagaa ufuoni ni kitoweo. Hiyo ndiyo hali halisi ya uandishi wa pwani ya Kenya tangu zamani: kalamu imeleta kitoweo, na wali umetoka kwingine. Mwandishi wa kujitegemea ni yule anayetaka upwa umpe vyote viwili.

Likoni ni mahali pafaapo kulitazama suala hili. Mji huu uko kusini mwa Kisiwa cha Mombasa, ukitenganishwa nacho na mlango wa bahari uelekeao bandari ya Kilindini, na kwa miaka mingi umekuwa malazi ya watu ambao kazi zao ziko ng'ambo: makuli na makarani wa bandari, wauza maduka, watumishi wa majumbani, na kwa upande wa kusini wafanyakazi wa hoteli za Diani. Aendaye kwa miguu havuki kwa nauli. Feri humchukua bure. Kwa mtu asiye na mshahara, jambo hilo si dogo. Hata hivyo, karibu kila kinunuacho maneno kiko upande wa pili wa maji: vituo vya redio, studio za kurekodia nyimbo, maduka makubwa ya vitabu. Wachapishaji wenyewe wako mbali zaidi, Nairobi.

Mwandishi anayebaki Timbwani, Bofu au Mtongwe huuza maneno yake rejareja. Ataandika shairi la harusi, risala ya kusomwa mbele ya mgeni wa heshima, barua ya kuomba kazi kwa niaba ya jirani, mchezo mfupi wa kuhamasisha watu juu ya malaria au uchaguzi ulioagizwa na shirika fulani; jioni atawafundisha watahiniwa insha. Kila kazi ya aina hiyo ina siku yake, na malipo yake, yakiwepo, hupatikana siku hiyo au wiki hiyo. Hakuna hata moja inayohitaji zaidi ya kurasa chache. Hapo ndipo utanzu unapoamuliwa, kabla ya mwandishi kuamua lolote yeye mwenyewe. Tena upwa wenyewe haukuwa na amani kila wakati. Baada ya kituo cha polisi cha Likoni kushambuliwa Agosti 1997 na ghasia kuenea, watalii waliikimbia pwani ya kusini. Mwandishi aliyekula kwa mshahara wa hoteli na kupata kitoweo kwa mashairi ya sherehe alipoteza vyote kwa mpigo mmoja.

Wahakiki wengi wameeleza ukuu wa ushairi katika pwani kwa kutaja mapokeo: dini, urithi wa tenzi, mapenzi ya Waswahili kwa vina na mizani. Maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshi. Muyaka bin Haji (1776–1840) aliishi Mvita katika zama za Mazrui, akawa karibu na watawala hao, na tungo zake juu ya vita na siasa za wakati huo haziwezi kutenganishwa na ukaribu huo. Karne moja na nusu baadaye fadhila za watawala zilikuwa zimekwisha, lakini shairi fupi lilikuwa limepata mfadhili mwingine: taarabu. Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwenye Malenga wa Mvita (1971), alimtungia binamu yake Juma Bhalo nyimbo zilizoimbwa harusini na kuuzwa katika sahani za santuri, kisha katika kanda. Msomi anayeisoma diwani hiyo maktabani huona beti. Aliyeishi Mombasa wakati huo alizisikia tungo za malenga huyo zikitoka katika redio ya kinyozi. Ni hadhira ambayo mwandishi wa riwaya hajawahi kuipata. Lakini kanda ikiuzwa, ni nani anayelipwa? Mwenye duka hulipwa, mwimbaji hutuzwa ukumbini mbele ya watu, naye mtunzi, ambaye bila yeye pasingekuwa na wimbo, hutegemea mapatano na hisani. Huu ni upungufu wa mfumo mzima, wala haumhusu mtu mmoja.

Lamu ina mfano ulio wazi zaidi. Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, ajulikanaye kama Ustadh Mau, aliyezaliwa mwaka 1952, ni imamu na mshairi ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini aliishi kwa kuoka mikate. Utenzi wake Wasiya wa Mabanati ulienea kwa kanda, watu wakaujua kabla ya kuuona umechapishwa. Mkusanyo mkubwa wa tungo zake ulitolewa ng'ambo mwaka 2023, mshairi akiwa amekwisha kupita miaka sabini. Haitakuwa haki kumsikitikia. Tanuri lilimpa uhuru ambao mwajiriwa wa serikali hakuwa nao, naye aliutumia kuikosoa jamii yake bila kumwogopa mkubwa yeyote wa ofisi. Hata hivyo uhuru huo ulikuwa wa mtu ambaye mikono yake imo ndani ya unga, na beti huweza kutungwa kichwani wakati unga unakandwa. Sura ya riwaya haitungwi hivyo.

Hoja hii isichukuliwe kupita kiasi, kwa maana Abdilatif Abdalla anaipinga kwa kiasi fulani. Alikuwa karani wa hesabu katika Baraza la Manispaa ya Mombasa alipokamatwa kwa kijitabu cha Kenya: Twendapi?, na miaka mitatu ya kifungo, 1969 hadi 1972, ndiyo iliyozaa Sauti ya Dhiki (1973). Gerezani muda ulikuwako, tena mwingi mno. Kilichokosekana kilikuwa karatasi. Aliandika kwa siri juu ya karatasi za chooni. Bado alichoandika kilikuwa shairi fupi. Kwa hiyo mapokeo yana nguvu yake hata pale ambapo suala la kodi ya nyumba halipo. Jambo la kukumbuka ni kwamba diwani hiyo, iliyopata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi mwaka 1974, haikumfanya mwandishi wake aishi kwa diwani. Aliishi kwa utafiti Dar es Salaam, kwa utangazaji na uhariri London, na kwa kufundisha Leipzig.

Aliyejaribu kwa dhati kuuvuka mpaka huo ni Shaaban Robert. Karani wa forodha tangu mwaka 1926, kisha mtumishi katika idara nyingine za serikali ya kikoloni, alitumia akiba na nguvu zake kuanzisha Tanga uchapishaji wake mwenyewe, alioupa jina la Art and Literature, na mwaka 1959 Insha na Mashairi ikatoka humo. Aliaga dunia Juni 1962. Muda aliouishi nje ya ajira ulikuwa mfupi mno kupima kama jaribio lake lingefaulu, na vitabu vyake kadhaa vilichapishwa baada yake na wengine.

Utubora Mkulima (1968) inapata maana mpya ikisomwa kandokando ya jaribio hilo. Utubora huiacha kazi ya mshahara akaenda kuishi kwa jembe kijijini Busutamu. Wahakiki wameisoma riwaya hii kama sifa za utu, kilimo na unyofu. Inaweza pia kusomwa kama ndoto ya karani aliyetaka kuacha ofisi, ambaye hakuweza kumwazia shujaa anayeiacha kwa ajili ya kalamu, kwa sababu kalamu haina udongo. Utubora ana shamba. Ndiyo maana uadilifu wake hauna njaa. Likoni hata ndoto hiyo ingekwama, kwani mji huu umejulikana kwa watu walioishi muda mrefu juu ya ardhi isiyo yao. Hati za shamba la Waitiki, lenye ekari zipatazo 930, zilitolewa kwa wakaazi mwaka 2016 tu, baada ya mvutano wa miaka mingi.

Riwaya iliyolikaribia suala hili zaidi ni Kidagaa Kimemwozea (2012) ya Ken Walibora. Amani, kijana mwenye kipaji na mswada, anaishi Sokomoko kwa kuchunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora, huku kitabu alichokiandika yeye kikimletea sifa Mwalimu Majisifu, nduguye Mtemi, aliyekiiba. Ni picha kali: mtunzi zizini na mwizi wa utungo katika heshima ya ukumbini. Riwaya inamfichua mwizi na kumrudishia mwenye mali jina lake. Lakini hapo ndipo inaposimama mapema. Tatizo la Amani limetolewa kama tatizo la wizi, yaani la maadili. Likishaondolewa, msomaji huachwa aamini kwamba mambo yamekaa sawa. Kama kitabu kingetoka kwa jina la Amani tangu siku ya kwanza, je, angeacha kuchunga? Riwaya haiulizi. Mwandishi wake, aliyewahi kuwa ofisa wa urekebishaji tabia, mtangazaji wa televisheni na mhadhiri, bila shaka alilijua jibu kwa maisha yake.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na inafaa ifanywe hadharani. Kitabu kikiuzwa kwa shilingi 400, na mrabaha ukiwa asilimia 10, mwandishi hupata shilingi 40 kwa nakala. Ili apate shilingi 30,000 kwa mwezi, ni lazima nakala 9,000 ziuzwe kila mwaka, na fedha hizo humfikia baada ya mwaka kufungwa, si siku mwenye nyumba anapobisha hodi. Nje ya shule ni vigumu kuiona riwaya ya Kiswahili, seuze diwani, ikifikia idadi hiyo. Mnunuzi wa jumla aliyebaki ni mtihani. Kidagaa Kimemwozea yenyewe ilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyotahiniwa kwa miaka kadhaa kuanzia 2013, na hadhi hiyo ndiyo inayompa mwandishi wa Kenya wali, ikiwa wezi wa nakala hawakumtangulia mezani.

Mnunuzi huyo ana masharti yake. Anataka kitabu kisichozidi uwezo wa mwanafunzi wa kidato cha tatu, kisichowakera wazazi, chenye majina yanayojieleza na maudhui yanayoweza kuorodheshwa ubaoni. Kawaida ya kuwapa wahusika majina kama Nasaba Bora na Majisifu imesifiwa na wahakiki kama mbinu. Ni mbinu, ndiyo. Ni pia huduma kwa mtahiniwa. Mwandishi wa Likoni ambaye angependa kuandika juu ya mapenzi ya watu wazima, au juu ya usiku wa kivukoni bila funzo lolote, anajua kabla ya kuanza kwamba anajiandikia kitabu kisicho na mnunuzi.

Tuzo nazo zimesaidia kwa kiasi chake. Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014, ilitenga dola 15,000 kwa ajili ya washindi wake, na mwaka 2015 Mohammed Ghassani alishinda kwa diwani ya N'na Kwetu. Wakati huo alikuwa mwajiriwa wa idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, Bonn.

Katama Mkangi, mzaliwa wa Ribe, aliandika Ukiwa, Mafuta na Walenisi, naye alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu. Kauli inayosikika mara kwa mara kwamba watu wa pwani ya Kenya ni washairi, na kwamba riwaya si kipaji chao, imejengwa juu ya vitabu vilivyochapishwa tu. Riwaya iliyoachwa katika sura ya tatu kwa sababu mwezi uliisha haimo katika bibliografia yoyote. Utafiti ambao haujafanywa ni wa madaftari: yale yaliyomo masandukuni mwa walimu wa tuisheni, watunzi wa nyimbo za harusi na waandishi wa risala wa Likoni, Kisauni na Changamwe. Idara za fasihi zina wanafunzi wa shahada ya uzamili wanaotafuta mada, na feri bado inavusha bure.